Ua la bahasha nane za chai

Ukitaka kutengeneza ua moja la karatasi kwa mtindo wa Waholanzi, sharti kwanza unywe vikombe vinane vya chai. Si mzaha. Uholanzi, kifuko cha majani ya chai kwa kawaida huuzwa kikiwa ndani ya kibahasha chake cha karatasi, nacho kibahasha kimechapwa picha: ndimu iliyopasuliwa, majani ya mnanaa, matunda mekundu yanayoning'inia. Mnywaji huchovya kifuko kwenye maji moto, bahasha ikaenda kwenye pipa la taka. Wanaoijua kazi hii hawaitupi. Huikunjua, hukata mraba wa sentimita 4 au 5 kuizunguka picha, huulaza ndani ya kitabu kizito ili unyooke, kisha husubiri mwingine. Na huo mwingine lazima ulingane na wa kwanza: ladha ileile, picha ileile, umekatwa palepale. Hivyo hivyo hadi wa nane.

Kwa nini nane? Jibu ni hesabu za shule ya msingi. Chukua mraba mmoja, upande wa picha ukiwa juu. Ukunje kona kwa kona upate mstari wa mshazari, halafu ufungue. Chagua kona moja kwenye mstari huo iwe ncha. Kingo mbili zinazokutana kwenye kona hiyo zipeleke nyuma, zote mbili, mpaka zilale juu ya ule mstari, kisha pitisha ukucha kwenye mikunjo. Kinachobaki mkononi kina umbo la tiara, ile wanayorusha watoto ufukweni. Kona ya mraba ina nyuzi 90. Kwa kuikunja pande mbili umeigawa nusu, na ncha ya tiara yako ina nyuzi 45. Nane mara 45 ni 360. Zipange tiara nane, ncha zote zikikutana kwenye nukta moja, nazo zitafunga duara bila kuacha upenyo na bila kupandana.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayomuumbua mvivu. Mkunjo ukikosewa kwa nyuzi moja tu, kosa halionekani kwenye kipande cha kwanza wala cha pili. Likirudiwa mara nane linakuwa nyuzi nane, na kipande cha mwisho kinakosa mahali pa kukaa. Ndiyo maana wazoefu hawaanzi kugundisha mpaka vyote vinane viwe vimepangwa mezani vikavu.

Sasa litazame duara lenyewe. Ndimu haipo tena. Kilichobaki ni ukanda wa katikati ya picha, umerudiwa mara nane kuzunguka kitovu: ganda la njano limekuwa nyota, vijistari vya nyama ya ndimu vimekuwa miale, na neno lililokuwa limeandikwa pembeni limegeuka nakshi isiyosomeka. Na kwa sababu picha ya bahasha haifanani pande zote, kona utakayoichagua iwe ncha ndiyo inayoamua ua litakuwaje. Mraba una kona nne. Kwa hiyo bahasha ya aina moja ina maua manne ndani yake, na hakuna njia ya kuyajua kabla ya kukunja. Hapa ndipo watu wanaponaswa. Anayesema atajaribu moja tu, jioni anakutwa amekaa amezungukwa na makaratasi, akimhimiza mgeni aongezewe kikombe kingine cha ladha asiyoipenda.

Tiara ni mkunjo wa anayeanza. Iko mingine mingi: kuna wa kukunja mraba uwe pembetatu yenye mabawa mawili, ambapo kila kipande huchomeka ubawa wake kwenye mfuko wa jirani, na duara zima likashikana lenyewe kabla hata gundi haijafika. Kuna wa kufungua mfuko na kuulalisha bapa uwe kama petali. Ila kanuni haibadiliki. Vipande vidogo, mkunjo mmoja, marudio.

Tumezoea kuzisifu kazi za mikono kana kwamba ni mahali pa kukimbilia kiwanda kisitufikie. Tunasema kila kikapu kina sura yake, kila chungu kina alama ya vidole vya aliyekifinyanga. Ua la bahasha za chai linaenda kinyume kabisa na sifa hizo. Linataka kufanana, na kufanana kwa kiwango ambacho mkono hauwezi. Mpe mchoraji hodari kalamu umwambie achore ndimu nane zinazolingana hadi kwenye mbegu. Kwenye ya tatu atakuwa ameshachoka, na ya nne itakuwa imepinda. Mashine ya uchapaji inazitoa mchana na usiku, na hakuna anayezitazama mara mbili. Sanaa hii isingewezekana kabla ya mashine hiyo. Ni sanaa ya mikono iliyozaliwa na kiwanda, na malighafi yake ni kitu ambacho kiwanda kinakitoa kwa wingi kuliko vyote na kukihesabu kuwa si kitu: nakala.

Anayetajwa kuwa mwanzilishi wake ni Tiny van der Plas wa Uholanzi, mwaka 1992. Mtu mmoja kukunja bahasha mezani si ajabu. La kujiuliza ni kwa nini jambo hili lilishika kule na si kwingine. Naona sababu mbili, na zote mbili ni za tabia za nyumbani.

Ya kwanza ni namna Mholanzi anavyokaribisha chai. Ukiagiza chai mgahawani kwake, mara nyingi huletewi chai. Unaletewa glasi ya maji moto na kisanduku chenye vyumba vyumba, kila chumba kikiwa na bahasha za ladha yake, uchague mwenyewe. Majumbani visanduku hivyo vipo pia. Mgeni anachagua kwa macho, kwa hiyo mwenye kiwanda amewekeza kwenye picha. Linganisha na Waingereza, ambao kwa chai hakuna wa kuwafundisha. Vifuko vyao vya kila siku hupakiwa uchi ndani ya boksi moja, bila uzi na bila bahasha. Wanakunywa zaidi lakini hawana cha kukunja.

Sababu ya pili ni kadi. Nyumba nyingi za Kiholanzi zina kalenda ya siku za kuzaliwa, isiyo na majina ya siku za juma ili itumike mwaka hadi mwaka, na mahali pake pa kawaida ni ukutani chooni. Msomaji asicheke. Ukitafakari utaona hakuna ukuta mwingine wa nyumba unaotazamwa kwa utulivu namna ile. Kila jina kwenye kalenda ni kadi ya kutuma, na kadi iliyotengenezwa kwa mkono ina heshima kuliko ya dukani. Ua la bahasha nane ni bapa, jepesi, linaenea vizuri kwenye uso wa kadi, na haliharibiki likipita posta. Sanaa ilikuta soko lake limeshawekwa tayari.

Haikuanzia hewani pia. Friedrich Fröbel, Mjerumani aliyefungua shule yake ya watoto wadogo huko Bad Blankenburg mwaka 1837, aliwapa wanafunzi karatasi za mraba wakunje. Miongoni mwa waliyofundishwa yalikuwemo maumbo yasiyowakilisha kitu chochote, si ndege wala mashua, bali mpangilio unaolingana pande zote kuzunguka kitovu, ili mtoto auone uzuri wa umbo lenyewe. Serikali ya Prussia ilizipiga marufuku shule hizo mwaka 1851 na marufuku ikadumu hadi 1860. Elimu ile haikufa kwa hilo. Iliendelea kuenea nje ya nchi, na mwaka 1876 ilifika Tokyo, ambako Wajapani walikuwa na mikunjo yao ya karne nyingi. Mikondo miwili ikakutana. Baadaye Japani ikairudishia Ulaya: mwaka 1955 kazi za Akira Yoshizawa, bingwa wa kukunja karatasi aliyebuni alama za vishale na nukta zinazotumika hadi leo kuelezea mikunjo, zilioneshwa katika jumba la Stedelijk, Amsterdam. Siwezi kusema ua la chai lilitokana na maonyesho yale. Ninachosema ni kwamba Mholanzi aliyeketi na bahasha tupu mwaka 1992 alikuwa katika nchi ambako kukunja mraba hakukuwa jambo la kushangaza.

Majani yaliyokuwa ndani ya bahasha nayo yana safari yake, na sehemu ya safari hiyo inapita kwetu. Wazo la kuweka majani ya kikombe kimoja kwenye kifuko lina zaidi ya miaka mia moja: Roberta Lawson na Mary McLaren wa Milwaukee, Marekani, waliomba hataza ya kifuko cha chai cha kitambaa mwaka 1901 na wakaipata 1903. Lakini kifuko kinahitaji majani madogo yanayotoa rangi upesi, si majani marefu yaliyosokotwa. Majani madogo ya namna hiyo yalikuja kwa wingi na mashine ya CTC, iliyobuniwa Assam na William McKercher mwaka 1930, ambayo huponda jani, kulichana na kulivingirisha liwe punje. Viwanda vingi vya chai vya Kenya vinafuata njia hiyo, na punje zake ndizo zinazopigiwa mnada Mombasa pamoja na chai ya Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi na nchi nyingine. Mnada huo ulianza Nairobi mwaka 1956, ukahamia Mombasa 1969.

Sehemu kubwa ya chai hiyo inapakiwa katika bandari ya Kilindini ikiwa ndani ya magunia ya karatasi yasiyo na ndimu wala ua. Inachanganywa mbali, inatiwa kwenye vifuko mbali, na picha inachapwa hukohuko. Wachumi wetu wameliongea hili hadi koo limewakauka: fedha iko kwenye kifungashio. Kumbe hata taka nzuri iko kwenye kifungashio. Sisi tuliobaki na jani lenyewe tunalichemsha sufuriani pamoja na maziwa, sukari na tangawizi, chai ambayo mimi siibadilishi na glasi ya mtu yeyote ya maji moto. Ila inabidi nikiri kwamba haiachi bahasha.

Bahasha ya chai imechapwa ili ionekane. Iko karatasi nyingine ambayo imechapwa kwa kusudi la kinyume, na nayo imepata mafundi wake hukohuko Uholanzi. Chana bahasha ya benki, ya kampuni ya bima au ya shirika la umeme, utazame ndani. Utakuta mawimbi ya samawati, vistari vya kijivu vinavyokatana, vidoti, au nembo ya kampuni ikirudiwa mara mia. Hayo si mapambo. Bahasha nyeupe tupu ukiinua juu ya taa utasoma kiasi cha fedha kilichoandikwa ndani. Wino ule wa ndani unavuruga jicho. Tangu Americus Callahan wa Chicago apate hataza ya bahasha yenye dirisha mwaka 1902, barua za hesabu zimekuwa zikisafiri kwa mamilioni, na nyingi zimebeba nakshi ambayo mchoraji wake hakutarajia mtu aitazame.

Mafundi wa Kiholanzi walizigeuza ndani nje. Mtindo wao unaitwa kwa jina la kile kiwambo cha mabamba ndani ya lenzi ya kamera, kinachojifunga kwa kuzunguka mpaka kinabakiza tundu dogo katikati. Ukikiona kikifunga utaelewa mtindo mzima, kwa kuwa karatasi hupangwa vivyo hivyo.

Unaanza na karatasi ngumu ya manila. Katikati yake unakata umbo kwa wembe: samaki, mshumaa, chombo cha maua, lolote lenye mistari rahisi. Unapata dirisha lenye sura ya samaki. Manila unailaza kifudifudi, juu ya ramani ya mistari iliyochorwa na kupewa namba, dirisha likiwa sawia na mistari, unaibana kwa selotepu. Kuanzia hapo hutauona uso wa kazi yako mpaka mwisho. Kila kitu kinafanyika mgongoni.

Bahasha zinakatwa vipande virefu vyembamba, na kila kipande kinakunjwa kwa urefu wake. Mkunjo huo mdogo ndio unaotenganisha kazi safi na kazi ya ovyo. Ukingo uliokatwa kwa mkasi una vinyweleo na weupe wa karatasi unachungulia. Ukingo uliokunjwa ni laini, umenyooka na una kivuli chake. Unavipanga kwa rangi, tuseme makundi matatu: samawati iliyokoza, samawati hafifu, kijivu. Kipande cha kwanza cha samawati iliyokoza kinalala juu ya mstari namba 1, ukingo uliokunjwa ukielekea katikati, selotepu kila upande. Namba 2 ni samawati hafifu, ubavuni. Namba 3 kijivu. Namba 4 unarudi kwenye rangi ya kwanza, lakini mstari wake umesogea ndani kidogo na umepinda kidogo. Namba 5, namba 6, hivyo hivyo unazunguka. Kule kupinda kidogo kwa kila mzunguko ndiko kunakofanya umbo zima lionekane linasokota. Dirisha linazidi kufinyika mpaka linabaki tundu dogo, nalo unaliziba kwa kipande cha karatasi ya kung'aa. Ile ya fedha inayofungia chokoleti inatosha. Ndipo unapoigeuza.

Nasisitiza hilo la kufanya kazi mgongoni kwa sababu linabadilisha tabia ya anayeifanya. Anayepaka rangi husimama kila mara, akarudi nyuma hatua mbili, akatazama, akasahihisha. Huyu hana nafasi hiyo. Anafuata namba na kuiamini ramani, na kosa la namba 5 atalikuta usoni wakati limeshafunikwa na namba 6 hadi 24. Watu wenye haraka huwa hawaupendi mtindo huu. Wanaoupenda hawataki kuacha, hasa wale wanaoshinda kazini wakiamua mambo ya wengine, na jioni wanataka kitu kinachowaambia: sasa kijivu, kipande cha 9, hapa.

Bahasha zinafaa kuliko karatasi ya mapambo ya dukani, na sababu si ubahili. Ni wembamba. Vipande ishirini na kitu vikipandana katikati ya kadi, karatasi nzito inajenga kichuguu mgongoni na kadi haifungi. Karatasi ya bahasha hainyanyuki. Halafu kuna zile rangi zenyewe, samawati na kijivu za kila kivuli, kila benki na mawimbi yake, ambazo zikiwekwa bega kwa bega zinaelewana kana kwamba zilichaguliwa na fundi mmoja. Na tofauti na ua la chai, hapa huhitaji bahasha nane pacha. Bahasha moja ndefu inatoa vipande vya kutosha rangi nzima. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, vitabu vya Maruscha Gaasenbeek na Tine Beauveser, Waholanzi wote wawili, viliutoa mtindo huu nje ya mipaka ya nchi yao, navyo vilijaa ramani za mistari za kila umbo unaloweza kulifikiria.

Kisha wafanyabiashara wakanusa. Maduka ya vifaa vya ufundi yakaanza kuuza karatasi zilizochapwa miraba midogo inayofanana, safu kwa safu, tayari kukatwa na kukunjwa kuwa maua ya chai. Chai haimo. Zikaja za kupakua kwenye intaneti na kuchapa nyumbani: mawaridi, vipepeo, nakshi za vigae. Vivyo hivyo kwa bahasha. Pakiti za vipande vilivyokwishakatwa, vya rangi zilizopangwa kwa msimu, Krismasi kijani na nyekundu.

Mtetezi wa mabadiliko hayo ana hoja, nami sitaki kuipuuza. Mtu wa nchi ambako chai hupakiwa bila bahasha angebaki mtazamaji. Picha zilizochorwa makusudi kwa ajili ya kukunjwa zinatoa duara safi zaidi kuliko ndimu ya kiwandani. Mwalimu mwenye darasa la watoto arobaini hawezi kusubiri vikombe mia tatu na ishirini. Yote kweli. Lakini tukubaliane kwamba hapo jina la karatasi chakavu limeshapoteza haki yake. Karatasi mpya inachapwa kwa wino wa printa, wino ambao kwa uzito ni ghali kuliko chai yenyewe, ili ionekane kama kitu ambacho jirani anakitupa. Na kuna kinachopotea ambacho si mazingira tu. Anayekunja bahasha halisi anapambana na picha aliyochorewa na mtu mwingine kwa nia nyingine: kuuza ndimu, kuficha salio. Anaitafuta kona ambako nia hiyo inasahaulika. Anayekunja mraba uliochorwa ili ukunjwe anapata jibu alilokwishapewa. Ni nzuri, na haina mshangao.

Huku kwetu kukunja karatasi iliyotumika si ugeni. Karanga zimefungwa kwenye kurasa za madaftari miaka nenda miaka rudi, na mnunuzi akimaliza husoma jibu la swali la nne la jiografia la mtu asiyemjua. Kazi yetu ya mapambo inayojulikana zaidi duniani kwa karatasi chakavu, hata hivyo, haikunji. Inaviringisha. Kampala, hasa katika mtaa wa Acholi Quarter wanakoishi wengi waliokimbia vita vya kaskazini mwa Uganda, wanawake wengine wakiwa wametoka kwenye kupasua mawe, wametengeneza shanga za karatasi kwa miaka mingi. Shirika la BeadforLife, lililoanza mwaka 2004, lilikuwa miongoni mwa waliozifikisha kwa wanunuzi wa Marekani.

Shanga inaanza na ukanda wa pembetatu, mrefu na mwembamba, uliokatwa kwenye kalenda ya zamani, bango au gazeti la kung'aa. Unaanzia upande mpana, unauviringisha kwenye sindano au kijiti, ncha inamalizikia katikati, gundi, kisha vanishi mara kadhaa. Upana wa kitako cha pembetatu ndio urefu wa shanga; urefu wa ukanda ndio unene wake. Ninaileta hapa kwa ajili ya jambo moja. Shanga haijali kufanana. Uso wa waziri, tangazo la sabuni na tarehe za Machi vyote vinaingia, kwa sababu kinachoonekana mwishoni ni kingo za rangi tu, vijistari na vidoti, na mkufu unapendeza zaidi kila shanga ikitofautiana na mwenzake. Karatasi yetu chakavu ni ya mchanganyiko, jana kalenda ya duka la vifaa, leo bango la mkutano wa injili, na mafundi wakaishika sanaa inayoukubali mchanganyiko. Waholanzi wana taka zinazojirudia, wakaishika sanaa ya marudio. Sidhani ni bahati. Mikono hufuata kilichomo kwenye pipa.

Je, mtu wa Dodoma au wa Nakuru akitaka ua la bahasha nane? Atafute karatasi yenye sifa tatu: nyembamba, isiyo na plastiki, na inayopatikana ikiwa ileile mara nyingi. Karatasi za pipi na biskuti zinaanguka kwenye sifa ya pili. Ukizikunja zinafunguka zenyewe. Boksi la kiberiti ni gumu mno. Vipakiti vya sukari vya hotelini vinafaa kwa ukubwa, na karatasi za kufungia baadhi ya sabuni za kuogea zinakunjika vizuri mno, ingawa harufu itabaki kwenye kadi mwezi mzima. Kwenye ofisi zenye sinia la chai na vifuko vyenye bahasha, mali ipo, inatupwa kila saa nne asubuhi. Kadi za michango ya harusi, ambazo nchini Tanzania humiminika bila kuombwa, ni ngumu kwa mkunjo wa sentimita 4, ila bahasha zilizokuja nazo mara nyingi ni nyembamba na zina rangi ya kamati nzima. Gundi iwe kidogo, nukta moja nyuma ya kitovu, kwa maana gundi ya maji hulowanisha karatasi nyembamba na ua likakauka limekunjamana. Lilaze chini ya kitabu hadi kesho yake.

Kwa anayevutiwa na ule mtindo wa bahasha za benki, ushauri wangu ni awahi. Taarifa za akaunti zimehamia kwenye simu. Shirika la posta la Denmark lilitangaza Machi 2025 kwamba litaacha kusambaza barua mwishoni mwa mwaka huo, na hata Uholanzi barua zinapungua mwaka hadi mwaka. Bahasha zilizobaki ziko kwenye makabati ya wahasibu na chini ya vitanda vya wastaafu, zimefungwa kwa mpira, mwaka kwa mwaka, zikiwa na taarifa za miaka ya tisini ambazo hakuna atakayezihitaji tena. Barua iliyomo ndani mrudishie mwenyewe. Bahasha muombe, kabla hajaziwasha moto siku ya kusafisha nyumba.